Ukuta wa zege wa kuzuia udongo jangwani: maswali ya wenye nyumba wa Maskati

Nasimamia ujenzi hapa Maskati na pwani ya Al Batinah, na wengi wanaonipigia simu ni ndugu zetu wa Kiswahili: wamezaliwa Unguja, Pemba au Mombasa, au wazazi wao walirudi Omani baada ya mwaka 1970. Mtu amepata kiwanja ubavuni mwa mlima, anataka kukata mwamba upande mmoja na kujaza kifusi upande wa pili ili apate uwanja wa kujengea. Basi anahitaji ukuta. Maswali yanayonijia yanafanana mno, ndiyo maana nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Ninazungumzia kuta za nyumbani, za mita 1 hadi 4. Ukuta mrefu zaidi ya hapo, au ulio kando ya wadi (mkondo wa mto unaokaa mkavu mpaka mvua inyeshe), una hesabu zake nyingine.

Ukuta huu una tofauti gani na ukuta wa ua? Fundi wangu anasema ni ule ule.

Si ule ule. Ukuta wa ua hubeba uzito wake na upepo. Ukuta wa kuzuia udongo husukumwa usiku na mchana, tangu siku ulipojazwa kifusi mpaka siku utakapobomolewa.

Tuchukue ukuta wa mita 3, nyuma yake kokoto na mchanga mkavu wa wadi. Kila mita moja ya urefu wa ukuta huo inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 2.7. Sasa ukiongeza kimo mara mbili, nguvu haizidi mara mbili, inazidi mara nne, na ile inayotaka kuupindua ukuta kutoka kwenye kitako chake inazidi mara nane. Kwa hiyo mwenye nyumba akiniambia, "Ongeza kozi tatu tu za tofali juu, nataka uwanja ulingane na wa jirani," ninamwambia kwamba sentimita 60 hizo, zikijazwa udongo nyuma, zinaongeza nguvu ya kupindua kwa zaidi ya asilimia 70. Ukuta haukupangiwa mzigo huo. Kama unadhani utahitaji kimo zaidi baadaye, sema kabla nondo hazijakatwa.

Ndiyo maana ukuta wa zege wa namna hii una umbo la herufi L au T iliyopinduliwa. Upana wa kitako mara nyingi huwa kati ya nusu na theluthi mbili ya kimo cha ukuta, na sehemu kubwa yake huingia nyuma, chini ya kifusi, ili uzito wa udongo wenyewe usaidie kuukalia. Fundi akikuletea mchoro wa ukuta wa mita 3 wenye kitako cha sentimita 60, mrudishe. Na mchoro lazima utoke kwa mhandisi na upite baladiya, yaani manispaa, hata kama ukuta uko nyuma ya nyumba na hauonekani barabarani.

Hapa mvua hunyesha mara chache mno. Vitundu vya kutolea maji ni vya nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ningependa msomaji asome jibu hili hata akiacha mengine. Mzee mmoja aliyekulia Unguja aliwahi kunishika mkono mbele ya ukuta wake mpya akaniambia, "Mwanangu, kule kwetu kuna masika na vuli, nakuelewa. Hapa jua tupu. Unanitobolea ukuta wangu wa nini?"

Nikamjibu kwamba jangwa si nchi isiyo na maji. Ni nchi ambayo maji huja yote kwa siku moja. Maskati kwa mwaka wa kawaida hupata mvua ya takriban milimita 100 au pungufu. Lakini Juni 2007 kilikuja kimbunga Gonu, na Juni 2010 Phet. Oktoba 2021 Shaheen ikapiga Al Batinah, watu wakaokolewa juu ya mapaa. Aprili 2024, kwa jirani zetu wa Imarati (Falme za Kiarabu), kituo kimoja karibu na Al Ain kilipima milimita 254 ndani ya muda usiofika saa 24. Ukuta unaojengwa leo, ukitarajia kuishi miaka 50, utakutana na siku kama hizo zaidi ya mara moja.

Na milima yetu ni mwamba mtupu, hauna msitu wala udongo wa kunywa maji. Mvua ikipiga, maji yote yanateremka na kutafuta mahali palipolegea, na palipolegea ni kifusi chako ulichokijaza mwaka jana.

Turudi kwenye ukuta ule wa mita 3. Kifusi kikijaa maji mpaka juu na maji hayana pa kutokea, maji peke yake husukuma kwa tani 4.5 hivi kwa kila mita, na udongo uliolowa bado unaongeza tani 1.5 yake. Jumla tani 6, pale palipokuwa na 2.7. Ukuta haukuharibika, zege halikuoza, nondo hazikula kutu. Mzigo tu umezidi maradufu usiku mmoja. Kuta nyingi nilizoziona zimelala kifudifudi baada ya mvua zilikuwa na zege zuri kabisa.

Vitundu basi: mabomba ya plastiki ya inchi 3, kila mita moja na nusu hadi mbili, yakae kama sentimita 15 juu ya ardhi ya mbele na yainamie mbele kidogo. Lakini bomba peke yake ni pambo. Nyuma ya ukuta pawe na tabaka la kokoto safi la sentimita 30, kutoka chini mpaka karibu na juu, likitenganishwa na kifusi kwa kitambaa cha jiotekstaili ili vumbi letu laini lisizibe kokoto. Chini kabisa, juu ya kitako, laza bomba lenye matundu linalotoka nje mwishoni mwa ukuta. Juu, pale kifusi kinapoishia, weka mfereji wa zege wa kuyakatiza maji ya mlimani kabla hayajaingia.

Kabla ya kujaza kifusi mwaga ndoo mbili za maji nyuma ya ukuta, kisha nenda mbele ukatazame. Nimekuta mabomba yaliyozibwa na rojo ya zege siku ile ile ya kumwaga. Nimekuta pia fundi wa rangi aliyeyaziba yote kwa simenti kwa sababu mwenye nyumba alilalamika kwamba yanaharibu sura. Mzee wangu yule aliviacha vitundu vyake. Baada ya mvua moja kubwa alinipigia simu kuniambia vinatiririka kama bomba la msikitini.

Na bustani juu ya ukuta, ina madhara?

Ina madhara kuliko mvua, kwa sababu ni ya kila siku. Mitende miwili, majani ya kijani na mpira wa matone unaovuja, miaka mitano, na nyuma ya ukuta pamekuwa kinamasi ambacho hakuna anayekiona. Maji hayo yanabeba mbolea na chumvi. Kama lazima upande, panda mbali na ukuta kwa kadiri ya kimo chake, na chunguza vitundu wakati wa kiangazi: vikilowa mwezi wa sita, una bomba linalovuja.

Nitumie saruji gani? Muuzaji ananiambia ya kuzuia chumvi ndiyo bora kila mahali.

Inategemea ni chumvi gani. Ardhi yetu ina maadui wawili. Salfeti hula zege lenyewe, hulivimbisha na kulimung'unya. Kloridi hailigusi zege, inapenya kimyakimya hadi kwenye nondo na kuianzishia kutu. Ile saruji inayouzwa kwa jina la kuzuia chumvi imetengenezwa kwa ajili ya salfeti. Imepunguzwa madini fulani ya alumini, na madini hayo hayo ndiyo yanayosaidia kuishika kloridi isifike kwenye chuma. Ukiitumia peke yake ufukweni Seeb au Barka, umefunga mlango mmoja na kuuacha wazi wa pili.

Kwa pwani na kwa ardhi ya sabkha, yaani ardhi tambarare iliyojaa chumvi, napendelea saruji ya kawaida iliyochanganywa na unga wa slagi (masalia ya kuyeyusha madini) ya viwanda vya chuma, au na mikrosilika (unga laini mno wa silika) kidogo. Mchanganyiko huo hulifanya zege lishikane kiasi kwamba chumvi zote mbili hupata tabu kupenya, na joto lake la kuganda ni dogo zaidi. Mlimani, mbali na bahari, pima udongo kwanza. Gharama ya kupima ni ndogo sana ukilinganisha na ya ukuta.

Na zaidi ya aina ya saruji, angalia maji. Uzito wa maji usizidi 0.40 hadi 0.45 ya uzito wa saruji. Hapo ndipo uimara ulipo.

Mchanga uko kila mahali hapa. Kwa nini tununue?

Mchanga wa matuta ya jangwani ni laini mno na punje zake zimeviringwa na upepo. Peke yake hudai maji mengi na haushikani. Wa ufukweni una chumvi, na wale waliojenga kwetu visiwani kwa mchanga wa pwani wanajua nondo zilivyokuja kuonekana baadaye. Tumia mchanga wa kusagwa au wa wadi uliooshwa. Kwa kokoto tumebarikiwa: gabro ya milima ya hapa ni jiwe gumu, na nchi nyingine za Ghuba huagiza kwetu.

Naweza kumwaga zege mwezi wa saba?

Unaweza, ila ukiweza kusubiri, subiri. Novemba mpaka Machi kazi hiyo hiyo inakuwa nyepesi na matokeo yake mazuri zaidi. Juni hadi Agosti sheria ya Omani inakataza kuwafanyisha watu kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Iheshimu hata kama hakuna mkaguzi anayepita. Wale vijana wanaokujengea wana wazazi wao wanaowasubiri.

Jambo linalopimwa ni joto la zege lenyewe linapotoka kwenye lori. Mikataba mingi ya Ghuba huandika lisizidi nyuzi 32, na mwongozo wa Wamarekani huruhusu hadi 35. Zege likiwa la moto zaidi huganda upesi, huomba maji, na ingawa linaonekana gumu siku ya tatu, nguvu yake ya mwisho huwa ndogo na ndani hubaki na vinyweleo vinavyopitisha chumvi.

Watu hudhani kumwaga usiku kunatosha. Juni 2018 mji wa Quriyat, hapa karibu tu, ulikaa saa 24 joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6. Huo usiku ungekusaidia nini? Kwa hiyo agiza kiwandani mapema zege lililopozwa: barafu iliyosagwa badala ya sehemu ya maji, kokoto zilizowekwa kivulini. Weka kipimajoto chako mwenyewe mkononi. Loanisha ardhi, mbao za fomu (zile zinazoshikilia zege mpaka ligande) na nondo kabla ya lori kufika, kwa sababu nondo iliyoshinda juani huwezi kuishika kwa mkono, na zege linaloigusa hukauka pale pale. Lakini maji yasituame ndani ya fomu.

Upepo nao. Siku ya upepo mkavu, hata joto likiwa la wastani, uso wa zege hupoteza maji haraka kuliko yanavyopanda kutoka ndani, na hupasuka kabla halijashika. Maji yakiruka zaidi ya kilo moja kwa kila mita ya mraba kwa saa, hali ni ya hatari. Simamisha turubai upande wa upepo, nyunyiza ukungu wa maji hewani, na funika kitako mara tu kinaposawazishwa.

Dereva wa lori anataka kuongeza maji kidogo ili zege liteleze. Nimkubalie?

Hapana. Mfano: lori la mita za ujazo 8, kilo 400 za saruji kwa kila mita, maji yakiwa 0.40. Akiongeza lita 160, ndoo nane tu za lita 20, umehama kutoka 0.40 hadi 0.45. Ndoo nyingine nane na umefika 0.50, yaani umelipia zege la bei kubwa ukamwagiwa la kawaida. Zege likiwa zito, dawa ya kulainisha iongezwe na mtu wa kiwandani kwa kipimo. Likiwa limeshachelewa njiani na limeanza kushika, lirudishe. Najua inauma kulirudisha lori saa nne usiku huku mafundi wamesimama. Lirudishe.

Nimwagilie kwa siku ngapi?

Siku saba zisizokatika, na kama kuna slagi au mikrosilika, kumi hadi kumi na nne. Neno zito hapo ni "zisizokatika". Kumwagilia asubuhi na alasiri si kukomaza zege: jua la saa tano limeshakausha kila kitu, na kulowa na kukauka huko kunalipasua zaidi.

Nalijua hili kwa kosa langu. Miaka ya mwanzo nilimwachia kijana mmoja mpira wa maji nikamwambia amwagilie mara mbili kwa siku. Ijumaa hakuja mtu. Jumamosi uso wa magharibi wa ukuta, unaopigwa na jua la jioni, ulikuwa unatoa unga nikiukwaruza kwa msumari. Upande wa mashariki, zege lile lile la lori lile lile, ulikuwa mgumu. Tangu siku hiyo ninavika ukuta magunia ya katani yaliyolowa, juu yake plastiki iliyofungwa vizuri, na mpira wa matone kutoka juu unaofanya kazi usiku kucha. Mbao zikibaki mahali pake siku chache zaidi, bora. Zilegeze kidogo maji yapite kati.

Maji yawe matamu. Visima vingi vya Al Batinah vimeingiliwa na bahari kwa sababu ya kuvutwa kupita kiasi, na kumwagilia kwa maji hayo ni kulilisha zege changa kloridi. Tena usimwage maji ya baridi kali juu ya zege lenye moto.

Nondo zikae upande gani?

Nondo kuu za wima zikae upande wa udongo. Ukuta unapinda kwenda mbele, kwa hiyo uso wa nyuma ndio unaovutika, na zege halina nguvu ya kuvutwa. Nimewahi kusimamisha kazi jioni ya kumwaga kwa sababu nondo nene zilifungwa mbele na nyembamba nyuma, mchoro umeshikwa kinyume. Kagua mwenyewe. Hiki ni kitu unachoweza kukiona kwa macho, na baada ya kumwaga hakuna atakayekiona tena.

Unene wa zege linalofunika nondo uwe milimita 75 pale zege linapomwagwa moja kwa moja juu ya udongo, na 50 kwenye nyuso zilizotoka kwenye mbao. Tumia biskuti za zege, vile vipande vya kuishikilia nondo mbali na mbao, zilizotengenezwa vizuri. Usikubali vipande vya marumaru, mbao au jiwe lililookotwa. Kutu ikianza huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, na ndiyo inayosukuma zege litoke kama magamba. Uso wa nyuma upakwe lami kabla ya kujaza. Mahali pa kuangalia zaidi ni ile nusu mita juu ya ardhi, ambapo ukuta hunyonya maji ya chumvi kutoka chini na jua hukausha na kuacha chumvi ndani, mwaka baada ya mwaka.

Ukuta wangu una urefu wa mita 40. Unahitaji kukatwa?

Ndiyo. Zege hurefuka kwa takriban sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipande cha mita 20, kati ya alfajiri ya Januari na alasiri ya Juni, kikipita nyuzi 40 kitatembea milimita 8. Usipompa nafasi atajitafutia, na atapasuka anapotaka yeye. Mikato midogo kila mita 8 hivi, na mwanya kamili wenye sponji na gundi ya mpira kila mita 20 hadi 25. Gundi hiyo huliwa na jua, tarajia kuibadilisha.

Ardhi ya hapa ni ngumu kama jiwe. Msingi unahitaji nini zaidi?

Ugumu wa ardhi kavu hudanganya. Kuna udongo wa jangwani ambao punje zake zimegandishwa na chumvi au jasi tu. Mkavu, sururu inaruka. Ukilowa mara ya kwanza, unadidimia ghafla na ukuta unakaa upande. Chimba shimo, mimina maji, subiri mpaka kesho, kisha piga sururu tena. Hilo halichukui nafasi ya vipimo vya maabara, lakini limeniokoa zaidi ya mara moja.

Wazee wa Jabal Akhdar walijenga matuta ya mawe bila saruji na bado yamesimama. Kwa nini nisifanye hivyo?

Kwa kimo kidogo, fanya, na nitafurahi kuona. Matuta ya vijiji vya Al Ayn na Ash Shurayjah huko huko Jabal Akhdar yamebeba mashamba ya waridi na komamanga kwa vizazi, na siri yao ni ile ile ninayoirudia hapa: maji hupita katikati ya mawe, hayapati pa kujikusanyia. Pale walipotaka maji yasipite, kwenye falaji (mifereji ya kale ya kumwagilia mashamba) na mabirika ya kuhifadhia maji, walitumia saruji ya zamani, udongo wa kuchomwa na chokaa. Walijua ni wapi pa kuziba na wapi pa kuacha. Ila matuta hayo yana mkulima anayerudisha jiwe kila linapoanguka. Nani atakurudishia lako?

Ukuta wangu umeshaanza kuinama. Nifanye nini leo?

Kwanza ondoa watu na magari mbele yake, hasa watoto. Funga maji ya bustani juu. Zibua vitundu, na kama havipo usianze kutoboa mwenyewe ukisimama mbele ya ukuta uliojaa maji, muite mhandisi. Usiegemeze mbao wala usiongeze plasta juu ya nyufa, kwa sababu ufa ndiyo habari pekee uliyonayo. Nyufa nyembamba za mtandao usoni si tatizo kubwa. Ufa wa mlalo karibu na chini, au mwanya unaokua kati ya vipande viwili, hao ndio wa kuogopa. Bandika kipande cha kioo juu yake kwa simenti, andika tarehe. Kikivunjika, ukuta unatembea, na kupunguza kifusi nyuma yake ni kazi ya wiki hii, kabla mawingu hayajakusanyika tena.